Siku Mama Kavuo Alilia Mufu Mwenye Hakuwako

Ku Butembo, quartier Furu, kama mutu anakufa, kuna majina mbili banaitaka mbele: jina ya padri na jina ya Mama Kavuo. Na batu benyewe ba Furu, ukibauliza muzuri, banakuambia kweli: banaanzaka na Mama Kavuo. Padri anaweza kuya kesho. Sufuria haingojeake kesho.

Yeye njo mama wa sufuria. Hakuna mutu alimuchagua, hakuna karatasi alisaini. Ilianza vile tu. Siku moya, mu matanga ya voisin, jirani yake, bamama balikuwa banabishana juu ya maharagi, chini inaungua, juu ingali mawe. Yeye akaingia, akatosha kuni mbili mu moto, akafunika sufuria na majani ya ndizi, akasema bamuachie. Saa sita batu bakakula, bakanyamaza, na ku matanga kama batu bananyamaza na sahani mu mikono ujue chakula ni tamu. Toka pale, miaka makumi mbili na mbili, kila matanga ya Furu ilipita mu mikono yake. Anasimama pembeni, anaangalia batu benye baketi, anakuambia: leo maharagi mabeseni tatu, kabichi makumi mbili, na viazi ya Alimbongo, hapana ya fasi ingine. Ile ya viazi usibishane naye. Alizaliwa Alimbongo, kule juu, kwenye ukungu inaingiaka mu nyumba bila kupiga hodi.

Basi, bwana yake, Papa Malachie, akapata kazi ku Beni. Ni ku depot ya kakao: anapima mifuko, anakata mbegu na kisu kwa kuona kama imekauka mupaka ndani, kama haijakauka anairudisha ku jua. Kazi muzuri, bosi mupole, na nyumba ya kupanga ikapatikana mu quartier Malepe. Batu ba Furu bakasema: mais Mama Kavuo, Beni ni hapa tu, kilometre makumi tano na kitu, haiko Amerika. Bakamusindikiza mupaka pa parking ya magari. Balilia kuliko vile banaliaka mu matanga yenyewe, na yeye njo alikuwa anabanyamazisha.

Na kweli, Beni haiko Amerika. Kinande banaongea, Kiswahili banaongea, misa ni ile ile na nyimbo ni zile zile. Lakini siku ya tatu, asubui, Mama Kavuo aliketi pa mulango na kikombe ya chai, akasikia kitu mu kifua, akaweka kikombe chini.

Haikuwa maumivu. Maumivu angeijua. Umeshaona kuku yenye banainunua sokoni, banaibeba na miguu, kichwa chini? Hailie, haipigane, inageuza macho tu, inaangalia dunia yenye imepinduka. Ndani alikuwa vile. Inje alikuwa mama mwenye anakunywa chai.

Sasa, kwa mutu mwenye alitoka fasi ya baridi, kila kitu yenye inamupata ku Beni ni malaria. Papa Malachie akamupeleka kwa infirmier, bakapima damu. Hakuna malaria. Mama Kavuo akakataa, bakapima tena. Hakuna. Infirmier, kijana mupole, akamuuliza kama anakula. Anakula. Kama analala. Analala. Basi shida iko wapi? Mama Kavuo akafikiri, akamujibu kama ku Furu, kutoka kwake mupaka sokoni, ni dakika kumi ya miguu, na yeye alikuwa anatumia saa nzima juu ya salamu. Ku Malepe soko iko mbali kuliko, na anafikaka mbio kabisa. Infirmier akamuangalia, akaandika mu cahier: fatigue, ni kusema uchovu. Akamupatia vitamini.

Usifikiri batu ba Malepe ni babaya. Ni batu benye miaka ya vita ilibafundisha kuangalia sura mupya mara mbili, njo ile tu. Chef wa nyumba kumi alikuya na cahier yake, akaandika majina tatu, Malachie, Kavuo na mutoto yao Élise, akauliza balitoka wapi, akasema karibu, akaenda. Ile karibu ilikuwa ya kazi. Batoto ba avenue bao balimupatia jina: Mama Tricot. Juu jua ya Beni inachoma mupaka mbuzi inatafuta kivuli, na yeye anapita na tricot, sweta ya bluu, vifungo yote imefungwa mupaka ku shingo. Élise akamuambia, mama, utaiva. Akajibu kama mutu wa heshima hatembeake mikono inje. Kweli yenyewe ni kama tricot ilikuwa inanuka moshi ya Furu, na hakutaka kuifua.

Wiki ya kwanza ikaisha, kifua ni ile ile. Ile mangaribi, ku meza, akaweka kijiko chini.

"Papa, nitajaribu mwezi moya," akasema. "Mwezi moya kamili, usiseme sikujaribu. Kama hii kitu haitoke mu kifua, samedi, jumamosi ya mwisho, napanda gari, narudia Butembo. We bakia na kakao yako. Tutaonana ku Noeli."

Papa Malachie ni mutu mwenye anafikiriaka na mikono. Akachukua ndizi ya kuiva, akaimenya, akaiweka mbele ya bibi yake. Akamenya ingine, akaiweka. Alifika ku tano. Miaka makumi mbili na tatu ya ndoa, hawajalala mbali mbali kupita siku ine, na hakuna mumoja wao alijua namna ya kuisema. Mama Kavuo akakula ndizi mbili juu ya heshima. Élise akakula tatu.

Élise yeye iko na miaka kumi na sita, na kwake kuhama haikuwa kitu. Marafiki bako mu telefone, na telefone alikuya nayo. Lakini aliona mama yake. Akaanza kutafuta: anaandika na Kifaransa, mama haiko mugonjwa lakini haiko muzima, fasi mupya, nini? Google ikamuonyesha matangazo ya matandiko, ikamuonyesha dawa ya minyoo, na kisha ya kushuka sana akapata kitu. Akakimbia inje kwenye mama yake alikuwa anachambua maharagi.

"Mama, iko na jina. Ku Irlande banaiita aduantas. Ni ile kitu mutu anasikiaka kama iko fasi yenye hajue, katikati ya batu benye hajue."

Mama Kavuo akaendelea kuchambua. "Irlande ni wapi?"

"Ku Ulaya. Kule mvua kila siku, baridi, ukungu. Na banapenda viazi."

"Basi ni Alimbongo." Akatupa jiwe moya inje ya lungo. "Na banaiponaka namna gani?"

Élise akashuka na kidole, chini, chini, chini kabisa. Page ilikuwa na neno, ilikuwa na maana yake. Dawa haikuwako.

Quand même, hata vile, kitu ilibadilika ile siku. Mama Kavuo alichukua ile neno, akalitia mu kinywa yake, ikakuwa aduantasi, na anaisema vile banaitaka voisin mwenye anachokesha. Leo aduantasi iliamuka mbele yangu. Leo aduantasi ilinisindikiza mupaka sokoni, ikakataa kubeba kitunga. Akamufasiria Élise kama Kiswahili iko na ugeni, lakini ugeni ni kitu ya kupita: banakupatia kiti, banakupatia maji, imeisha. Hii ingine unaketi, na yenyewe inaketi. Akauliza tena kama bale ba Irlande balipata hii neno zamani. Zamani sana, mama. Akafurahi kidogo. Kama batu ba mbali vile balikaa chini bakaitafutia jina, maana yake haiko yeye mutu wa kwanza.

Wakati akiwa bibi-arusi, kutoka Alimbongo kufika Butembo, hakuisikia. Mama-mukwe alimupokea na jembe, akamulalisha akiwa amechoka kila siku mwaka muzima. Anasema aduantasi inatafutaka mutu mwenye hana kazi, kama vile panya inatafutaka nyumba yenye haina paka.

Wiki ya pili ikapita. Ya tatu ikaingia. Papa Malachie akaanza kutoka ku kazi mapema, bila kuelezea.

Sasa, jambo yenyewe ilifika jeudi, ni kusema alhamisi, saa tatu asubui.

Lazima ujue kwanza juu ya bâche, ile turubai. Ku Beni, bâche ni kitu ya chini: banaitandika pembeni ya njia, banamwanga kakao, we unapita pembeni. Ile Mama Kavuo alishaizowea. Lakini bâche yenye banafunga juu, mu parcelle, kiwanja ya mutu, kwake iko na calendrier. Ndoa ni samedi. Communion ni dimanche, jumapili. Bâche ya jeudi, asubui, na banaume baketi chini yake kimya, vichwa chini, ile ni kitu moya tu. Hakuna mutoto wa Furu hajue.

Na ile jeudi bâche ilikuwa imefungwa kwa Papa Issaka, muzee mwenye magari ya kubeba bintu, nyumba ya tatu kutoka kwao. Mama Kavuo aliona viti. Aliona banaume na vichwa chini. Aliona bamama banapita na mabeseni. Kupita yote, aliona moshi yenye inapanda nyuma ya nyumba, nzito, nyeusi, moshi ya moto yenye banachoma kuni mingi bila akili. Na kwa mara ya kwanza toka alifika Beni, miguu yake ikajua kwenye inaenda.

Akajifunga kitambaa ku kichwa, akafunga ku kiuno kikwembe ya pili juu ya ya kwanza, akanunua fungu ya kuni kwa mama wa pa kona. Kwao, mwanamuke haingiake mu matanga mikono mitupu, anabeba kuni. Na haingiake kimya. Anaanzaka kulia toka mu njia, juu benye bako ndani bajue hawako peke yao.

Élise akamushika mukono. "Mama, bale ni Baislamu."

"Baislamu habakufake?" akauliza Mama Kavuo, akaweka kuni ku kichwa, akatoka.

Alianza kulia pa nyumba ya pili. Hakujua kama ni mwanaume ao mwanamuke alikufa, lakini mama wa kazi iko na maneno yenye inaenea kila mufu: mupenzi yetu, umetuacha na nani, nani atatufungulia mulango. Akaingia mu parcelle na ile sauti yake, sauti yenye ku Furu inafikaka mupaka ku ngambo ya mutoni. Na katikati ya viti, kitu ikamufanyikia yenye haijamufanyikia mu matanga hata moya. Ile kilio ya kazi ikafungua njia, na nyuma yake ikatoka kilio ingine, ya kweli, ya wiki tatu. Alilia salamu za njia ya soko. Alilia bamama ba pa parking. Alisimama pale na tricot yake, kuni ku kichwa, machozi inashuka mupaka ku kidevu, na hakuweza kuisimamisha.

Chini ya bâche, sheikh alikuwa ameinua mikono anaomba. Akaishusha. Banaume bote bakaishusha. Mama Sofia, bibi ya Papa Issaka, akatoka mbio nyuma ya nyumba na kijiko kubwa mu mukono, sura imebadilika, juu ile asubui magari yao mbili ilikuwa mu njia na batoto yake mbili njo banaendesha.

"Nani amekufa?" akauliza. "Semeni mbio. Nani amekufa?"

Mama Kavuo akamuangalia. "Mimi njo nilikuya kuuliza."

Pale pale, ndani ya nyumba, mutoto muchanga akalia, na hasira, vile batoto banaliaka kama banabanyoa kichwa mara ya kwanza. Mutoto wa siku saba. Ilikuwa akika. Rachida, muke wa kijana yao Maulidi, alizaa, na leo njo balikuwa banamupatia mutoto jina, banamunyoa, banamukulia mbuzi.

Fungu ya kuni ikaanguka yenyewe. Mama Kavuo akasema pole, akasema tena pole, na kila pole ilikuwa inazidisha, juu pole njo neno ya matanga. Akageuka atoke. Kijana mumoja chini ya bâche alikuwa ameuma mukono yake mwenyewe juu asicheke.

"Mama," akasema Papa Issaka. Hakusimama, magoti yake haipende kusimama. "Unaikala wapi?"

Akaonyesha na kidole. Nyumba ya tatu. Toka lini? Toka wiki tatu. Muzee akahesabia nyumba na macho, moya, mbili, tatu, akaangalia batu bake mumoja mumoja, na banaume bakaanza kuangalia viatu.

"Mutu mwenye alileta kuni hatumufukuzake," akasema. "Sofia, umupeleke jikoni."

Mama Sofia akasema sawa, atamupeleka, lakini hakuna mutu atatoka ku akika ya mujukuu yake na machozi ku sura. Huyu mama ataikala hapa mupaka akauke. Akamushika mukono, hapana kwa upole sana, akamukokota nyuma ya nyumba.

Pale nyuma kulikuwa sufuria ya pilau, kubwa, juu ya mawe tatu, na chini yake moto ya kuchoma nyumba. Mama Kavuo aliketi kwenye balimuonyesha. Akafunga mikono. Alijua hapa haiko kwake, kuna nyama hapa yenye haiko ya kugusa bila kuuliza. Akavumilia dakika moya. Akavumilia ya pili. Ya tatu akainama, akatosha kuni mbili.

"Nani alikuambia uguse moto yangu?" akauliza Mama Sofia.

"Moto yenyewe."

Bamama bote bakageuka, kila mutu na kitunguu yake. Mama Sofia akafunua sufuria, akaingiza kijiko mupaka chini, akaleta muchele ya chini juu. Ilikuwa inaanza kupata rangi. Dakika tano ingine, pilau ya batu mia moya ingenuka makala. Akafunika. Akavuta kiti ndogo, akaiweka karibu na mawe, akamuonyesha na kidevu.

"Ikala hapa. Na uvue ile tricot, tutakupika pamoja na mbuzi."

Akaivua. Wiki tatu, mara ya kwanza. Saa nane Rachida akamuletea mutoto, kichwa imenyolewa, inangaa sawa imepakwa mafuta, juu mikono ya bengine yote ilikuwa na kazi. Mutoto akamukojolea kikwembe, akalala. Mama Kavuo akarudi nyumbani saa kumi na sahani imefunikwa, na ile mangaribi Papa Malachie akakula pilau bila kuuliza kitu, juu aliogopa jibu.

Ungefikiri imeishia pale. Bado. Kesho yake ilikuwa mbaya.

Juu habari ya Malepe haitembeake na miguu. Ile usiku ilikuwa imeshaingia mu groupe WhatsApp ya avenue, mutu amefanya audio, anaigiza ile kilio, na nyuma yake batu banacheka mupaka banakohoa. Asubui Mama Kavuo akatoka kwenda sokoni, na batoto bakamufuata: Mama, nani alikufa? Mama wa kuuzisha bidon ya maji anamuuliza na heshima yote, mama, eti nani alikufa? Hata pa kona, mama wa kuni, mwenye alimuuzia ile fungu, akamuuliza kama leo kuna mufu ao ananunua kuni ya kupika tu.

Hakuna ubaya ndani yake. Njo vile Beni inachekaka na batu benye imeanza kupenda. Lakini yeye hakujua. Kwao, mama wa sufuria ni mutu wa heshima, habamuchekake. Akajifungia mu nyumba siku tatu. Élise akamuambia kama audio ingine imetoka, ya Rachida, anabagombeza, anasema huyu mama aliokoa pilau. Mama Kavuo akamuomba azime telefone. Wiki ya ine ikaingia, na aduantasi, vile alisema, ililala sasa kati yao mbili mu kitanda. Jeudi akamuambia bwana yake: samedi ni samedi. Papa Malachie akaenda pa parking, akamushikia fasi mbele, karibu na chauffeur, kwenye gari haitingishike sana. Akarudi, akasema hana njaa.

Vendredi, kesho yake, asubui bakapiga hodi. Élise akafungua. Alikuwa Mama Sofia, Rachida na mutoto ku mugongo, na bamama babili ba avenue benye Mama Kavuo aliona tu bakipita. Mama Sofia alikuwa na fungu ya kuni ku kichwa, imefungwa mubaya, inataka kuanguka.

"Mama Kavuo," akasema, "leo njo kweli."

Muzee Nzanzu, seremala mwenye nyumba yake iko ku mwisho ya avenue, hakuamuka. Miaka makumi munane na moya, kwenye kitanda yenye alitengeneza yeye mwenyewe. Alikuwa na mutoto mumoja tu, Nadège, mwalimu, mwenye anajua hesabu na hajue kupika chai ya batu kumi. Batu balishaanza kufika. Kule, akasema Rachida, bamama banabishana juu ya maharagi.

Mama Kavuo akasimama katikati ya nyumba, karibu na kifurushi yake yenye ilikuwa imeshafungwa. Akaangalia ile kuni ku kichwa ya mama wa watu. Akasema banamuchekelea tena.

"Tunakucheka," akajibu Mama Sofia. "Mimi nitakucheka mupaka nife, na ile siku utakuya unililie vile ulilia mujukuu yangu, usipunguze. Mais sasa hii shingo inaniuma. Tuende ao hatuende?"

Bakaenda.

Pa mulango ya Muzee Nzanzu kifua ikafanya ile kitu yake. Ilikuwa sura makumi sita, na hakujua hata kumi. Kuku ikageuza macho. Mama Kavuo akasimama pale muda kidogo, kikwembe mu mukono, na Mama Sofia akamungojea, hakumusukuma. Kisha akaona Nadège, peke yake nyuma ya nyumba, mbele ya mulima ya ndizi, anaimenya moya moya na kisu ya mukate, na machozi inaangukia ndizi. Akaenda akaketi pembeni yake. Hakumuambia pole. Akamuonyesha tu vile banapasuaka ngozi ya ndizi na kidole kikubwa, upande wa mugongo, inatoka yote mara moya. Bakamenya ya kwanza pamoja, ya pili pamoja. Ku ya kumi Nadège akaanza kumuelezea baba yake: vile alikuwa anaongea na mbao, vile alikuwa anaiomba ruhusa mbele ya kuikata. Ku ya makumi mbili, Mama Kavuo akainua kichwa, akaita binti mumoja mwenye anapita, akamutuma chumvi. Akaita mwingine. Saa tano, bamama bale benye balikuwa banabishana juu ya maharagi balikuwa banamuuliza yeye.

Samedi, saa mbili asubui, Papa Malachie akafika pale na kifurushi mu mukono. Alivaa shemishi ya dimanche, juu alitaka kumusindikiza muzuri. Alikuwa ameshapita pa parking, akaongea na chauffeur, chauffeur alimuambia anangojea dakika kumi na tano, haipite. Akamukuta bibi yake katikati ya moshi, mikono na unga mupaka ku kiwiko, anageuza bugali mu sufuria yenye mutoto angeweza kuogea.

"Gari inangoja," akasema, polepole, na ile sauti ya mutu mwenye anataka usimusikie.

Mama Kavuo akageuza mara moya, akageuza mara mbili. Ile haiachiwake katikati.

"Unaona sufuria ngapi, Papa?"

"Tatu."

"Na nani atazigeuza?"

Papa Malachie akaangalia sufuria, akaangalia bamama, na kitu ikaanza kutembea mu sura yake yenye hakutaka kuonyesha mbele ya batu. Akauliza basi amuambie chauffeur nini.

"Muambie aende," akasema Mama Kavuo. Akapanguza paji la uso na mukono, unga ikabaki pale. "Kifua haijapona yote, usifurahi mbio. Dimanche kisha misa inanishikaka sana. Mais hapa tuko mu kazi mupaka lundi, na mardi Rachida anataka nimufundishe kupika sombe ya kwetu. Sina siku ya kusafiri. Na urudi, maji inatuishia."

Alienda mbio kuliko vile mutu wa miaka makumi tano anaendaka. Kifurushi alikiacha pa nyumba, akakitupa tu ndani, na kisha ya dakika makumi mbili batu ba Malepe bakaona kitu yenye habaonake kila siku: mwanaume muzima, na shemishi ya dimanche, anatoka ku source ya maji na bidon ya litre makumi mbili ku kichwa sawa mwanamuke, maji inamuangukia ku mabega, na anaimba. Batoto bakamufuata. Mama wa kuni, pa kona, akauliza ule ni bwana wa nani mwenye alipata wazimu.

"Ule?" akasema mwenziwe, bila kuacha kazi. "Wa Mama Kavuo."

Na mama wa kuni akasema haa, akatingisha kichwa, akafunga fungu ingine.